Mtoto Asiyetoka Jasho: Si Mvivu, na Si Kila Homa Yake ni Malaria



Katika ziara ya kukagua miradi ya Diakonia tuliyoifanya Februari kwenye sharika za tambarare, tulifika katika kaya moja saa saba mchana. Wasomaji wetu wa kule juu milimani, ambao jioni ya Februari bado wanavaa sweta, watuamini tukisema kwamba huku chini saa hiyo hata mbuzi hawatembei. Tulikwenda kukagua nyumba, wala si kumwona mgonjwa. Ndani tulimkuta mtoto wa kiume wa darasa la pili amelala kifua wazi juu ya sakafu ya saruji, shavu ameligandamiza chini. Tulipomgusa alikuwa wa moto sana na ngozi yake ilikuwa kavu kabisa, ilhali sisi mashati yetu yalikuwa yameshikana na migongo kwa jasho.

“Bibi, mtoto ana homa?” tuliuliza baada ya kuamkiana.

“Hapana, wanangu. Ndivyo alivyo jua likiwa kali. Huyu hatoki jasho. Tangu azaliwe sijaliona jasho lake.”

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kuwa mjukuu wake anatumia mkono wa kushoto. Kisha akatuletea daftari la zahanati. Katika kiangazi kimoja mtoto huyo alikuwa ameandikiwa dawa ya malaria mara sita. Mara moja tu kipimo kilionyesha vimelea. Mara nyingine ama hakupimwa, ama alipimwa akaonekana hana, na dawa akapewa vivyo hivyo.

Shuleni nako alikuwa na sifa zake. Asubuhi wenzake wakianza mchakamchaka yeye hukimbia mzunguko mmoja, kisha hukaa chini ya mti. Wakati wa kulima bustani ya shule huacha jembe na kwenda bombani kujimwagia maji. Alikuwa amechapwa kwa uvivu, na alikuwa amechapwa tena kwa kulowesha sare bila ruhusa. Kumbe mtoto wa miaka minane alikuwa amejigundulia mwenyewe tiba ambayo watu wazima wote waliomzunguka hawakuijua, na kwa tiba hiyo akala fimbo.

Tumeona tuliandike jambo hili kwa kirefu kidogo kwa sababu tuliporudi ofisini na kuanza kuuliza, tuligundua kuwa hayuko peke yake. Katika orodha zetu wamo watu wengine wasiotoka jasho kwa sababu tofauti na yake. Baadhi yao hali hiyo inatokana na dawa ambazo mradi wetu ndio unaowalipia nauli ya kuzifuata.

Jasho lina kazi gani

Wengi wetu tumefundishwa tangu Shule ya Jumapili kuliona jasho la uso kama sehemu ya adhabu ya Adamu. Katika lugha yetu pia mtu mwema ni anayekula jasho lake, na mwovu ni yule anayekula jasho la wenzake. Si ajabu basi kwamba asiyetoka jasho anahesabiwa kuwa hafanyi kazi. Lakini mwili unaliona jasho kwa namna nyingine.

Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu iliyotoka kwenye chakula, kama robo tatu au zaidi, hugeuka kuwa joto. Joto hilo lisipotoka, linalimbikizwa. Mwili wa mwanadamu unataka kubaki karibu na nyuzijoto 37. Ukipita 40 ubongo, ini na figo huanza kuumia, na mtu anaweza kuchanganyikiwa, kupata degedege na hata kufa. Ili kujiokoa, mwili hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litokee hewani. Njia hiyo inafaa pale tu hewa inapokuwa na ubaridi kuliko ngozi. Hewa ikifika nyuzi 35 hivi, ambalo kwa tambarare zetu si jambo la ajabu, njia hiyo hufungwa na inabaki moja tu: maji kukaukia juu ya ngozi.

Ndiyo maana tumepewa tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Lita moja ya jasho ikikaukia mwilini huondoka na joto ambalo, kama lingebaki, lingetosha kumpandisha mtu wa kilo 60 kwa zaidi ya nyuzi 10. Mkulima anayelima juani anaweza kutoa zaidi ya lita moja kwa saa. Hapo mtaelewa kwa nini mtu asiyekuwa na jasho hawezi kushindana naye hata kwa nusu saa, awe na moyo wa kazi kiasi gani. Mtaelewa pia kwa nini joto la pwani lenye unyevu linachosha kuliko joto kavu la bara: jasho linalodondoka chini halimpozi mtu, linalompoza ni lile lililokauka.

Habari ya uso mwekundu

Vitabu vya tiba husema kuwa mtu asiyetoka jasho, akifanya mazoezi au akikaa kwenye joto, uso wake huwa mwekundu. Sababu ni ile damu tuliyoitaja. Ubongo unaona joto linapanda, unaagiza mishipa ya damu ya ngozi ifunguke, na ya usoni hufunguka sana. Kwa mtu wa kawaida jasho linafuata, ngozi inapoa, na wekundu unapungua. Kwa asiye na jasho amri inarudiwa na kurudiwa bila matokeo, na uso unabaki umejaa damu.

Lakini vitabu hivyo vingi viliandikwa na watu waliozoea kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na mhudumu anayesubiri kuuona atasubiri mpaka mtoto azimie. Tulimtazama mtoto wetu mchana ule na hatukuona rangi nyekundu yoyote. Tulichoona ni uso uliokoza weusi kuliko mikono, mashavu yamejaa, macho mekundu, na midomo kwa ndani ina rangi ya damu. Basi tunaomba wazee wa kanisa na wahudumu wa afya ya jamii watumie mgongo wa mkono kuliko macho. Mguse paji la uso, shingo na mgongo. Kama ni wa moto na pakavu wakati watoto wengine waliokuwa wakicheza naye wamelowa, hilo ndilo jibu.

Hapa tuweke neno moja kuhusu ndugu zetu wenye ualbino, kwa kuwa tumeshaulizwa. Wekundu wao juani huonekana wazi, na watu wengine hufikiri ni tatizo hili hili. Sivyo. Mwenye ualbino anatoka jasho kama mtu mwingine yeyote, na wekundu wake ni ngozi kuungua na jua kwa kukosa rangi ya kuikinga. Yeye anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Kumlowesha maji hakumzuii kuungua.

Ugonjwa wa kurithi

Mtoto tuliyemkuta alipelekwa kwa daktari wa ngozi katika hospitali ya rufaa. Daktari hakuhitaji muda mrefu. Mtoto alikuwa na meno sita tu, mengine yamechongoka kama ya paka, nywele nyepesi mno, nyusi karibu hakuna, ngozi iliyokunjamana na kuwa nyeusi zaidi kuzunguka macho, na sauti ya kukwaruza. Mambo haya yote bibi alikuwa akiyaona, ila kila moja alilihesabu peke yake. Walimpaka dawa ya iodini mgongoni, ilipokauka wakamnyunyizia unga laini wa wanga, wakamweka penye joto. Jasho likikutana na iodini na wanga hutokea madoa meusi yenye rangi ya bluu. Kipimo hiki rahisi kilielezwa na daktari Victor Minor mwaka 1928 na bado kinafaa. Mgongo wa mtoto ulibaki na rangi ile ile ya iodini.

Ugonjwa huu madaktari huuita ektodemo displasia ya aina isiyo na jasho. Mtoto akiwa bado tumboni, ngozi, nywele, meno na tezi za jasho hutokana na tabaka moja la nje la mwili. Kuna ujumbe wa kikemikali unaoliambia tabaka hilo lichimbe mahali pa kuotesha nywele, jino au tezi. Jeni inayotengeneza ujumbe huo ikiwa na kasoro, mtoto huzaliwa na tezi chache sana au bila tezi kabisa. Jeni hiyo, iitwayo EDA, ilitambuliwa mwaka 1996.

Lakini watu walikuwa wameuona ugonjwa huu zamani. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, katika chapa ya mwaka 1875 ya kitabu chake kuhusu mabadiliko ya wanyama na mimea inayofugwa, alieleza habari za ukoo mmoja wa Wahindu wa Sindh, ambayo leo iko Pakistan. Wanaume kumi wa vizazi vinne walikuwa na meno machache, nywele chache, na waliteseka sana kwa ukavu wa ngozi wakati wa joto. Mabinti wa ukoo huo hawakuugua, lakini waliwazaa wana waliougua. Darwin hakujua habari za kromosomu. Sasa tunajua kuwa jeni ya EDA iko kwenye kromosomu X. Mama anazo X mbili, kwa hiyo nzuri humsaidia. Kila mtoto wake wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kupata ile yenye kasoro, na hana nyingine ya kumsaidia. Mama mwenyewe huenda akawa na meno mawili matatu yaliyokosekana, au jasho lisilotoka sehemu fulani za mwili. Zipo pia familia ambazo ugonjwa hurithiwa kwa njia nyingine na kuwapata wavulana na wasichana sawasawa, na wapo watoto ambao kasoro imeanzia kwao bila kurithi.

Kaka yake mtoto huyu alifariki akiwa na miezi minane, kwa homa. Hakuna atakayeweza kusema kwa hakika ilikuwa nini, ila madaktari wanajua kuwa watoto wenye hali hii wako katika hatari kubwa katika miaka miwili ya kwanza. Mtoto mchanga hawezi kwenda bombani, na hufunikwa mablanketi kwa upendo. Kijijini kifo kile kiliitwa mkosi wa upande wa mama. Kwa hiyo tulipoelezwa habari za kromosomu X tulisita kidogo. Habari ya kweli inaweza kutumika vibaya kuliko uongo: wale waliosema mkosi umetoka kwa mama sasa wangeweza kusema kwamba hata hospitali imekubali. Tuliomba mchungaji wa usharika awe nasi tulipowaeleza wazazi wote wawili kwa pamoja. Kila mmoja wetu amebeba kasoro kadhaa za jeni asizozijua, na mama huyu hakuchagua yake zaidi ya alivyochagua kimo chake. Baba wa mtoto alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: fulana za pamba zinapatikana wapi kwa bei nafuu.

Kuhusu tiba, ipo habari moja ya kutia moyo ingawa bado haijafika kwetu. Mwaka 2018 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walitangaza kuwa waliwatibu watoto watatu wa kiume, wawili kati yao mapacha, kabla hawajazaliwa. Protini waliyoikosa ilichomwa kwenye maji ya uzazi, na watoto hao walizaliwa wakiwa na uwezo wa kutoka jasho. Baada ya hapo majaribio makubwa zaidi yalianzishwa. Kwa aliyekwisha kuzaliwa tezi hazioti tena, na tiba yake ni kumpoza, kumtunza macho na ngozi, na kumpatia meno ya bandia yanayobadilishwa kadiri anavyokua. Msiyadharau meno. Mtoto huyu alikuwa akimeza makande bila kutafuna.

Wengine walio katika orodha zetu

Ugonjwa wa kurithi tulioueleza ni nadra. Wasiotoka jasho kwa sababu nyingine ni wengi zaidi, nao wako kwenye kila usharika.

Tezi za jasho huamriwa na mishipa ya fahamu kwa kutumia kemikali iitwayo asetilikolini. Dawa yoyote inayozuia kemikali hiyo hukausha jasho, pamoja na mate, na huweza kuujaza uso damu. Mojawapo ni oksibutinini. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi hupewa dawa hiyo ili kibofu kitulie na figo zisiharibike, na ni dawa nzuri ambayo imewaokoa wengi. Lakini fikirini: mtoto anakunywa dawa inayokausha jasho, kisha nyumbani na shuleni ananyimwa maji ya kunywa ili asijikojolee, kisha anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu juani akisubiri mtu wa kumsukuma. Sisi tulikuwa tukihesabu vidonge na mipira ya mkojo kila robo mwaka na kuandika kwamba huduma inaendelea vizuri. Hakuna aliyewahi kutuuliza kama watoto hawa wanavumilia joto, na sisi hatukuwahi kuwauliza mama zao.

Kundi la pili ni wagonjwa wa akili wanaotumia klopromazini, na pamoja nayo benzeksoli ya kuzuia kutetemeka. Dawa zote mbili hupunguza jasho, na klopromazini huvuruga pia sehemu ya ubongo inayosimamia joto. Mgonjwa aliyepata nafuu hurudi shamba, ambalo ndilo tulilokuwa tukiliombea. Saa tano anaacha jembe, uso umevimba kwa damu, anasema maneno yasiyoeleweka. Ndugu husema ugonjwa umerudi, au amevuta kitu. Huenda ni joto. Tunasisitiza hapa: mtu asiache wala kupunguza dawa kwa kusoma makala hii. Abadilishe saa ya kulima, aanze alfajiri na kuacha saa tatu, anywe maji, na amweleze mhudumu wa kliniki.

Wapo pia waliovunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka mtini au kwa ajali ya pikipiki. Sehemu iliyo chini ya jeraha haitoki jasho kama kawaida, na jeraha likiwa juu, mwili karibu wote unakosa kinga. Makovu makubwa ya moto hayana tezi. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kuona miguu imekauka na kupasuka huku kichwa na kifua vikitoka jasho jingi. Na kuna ishara moja ambayo wazee wetu waliofanya kazi kwenye vituo vya wakoma waliijua vizuri: baka kwenye ngozi lisilo na hisia na lisilotoka jasho wakati ngozi inayolizunguka imelowa. Ukiliona baka la namna hiyo usingoje. Ukoma unatibika, dawa zake hutolewa bure tangu mwaka 1995, na aliyewahi matibabu hapati ulemavu.

Homa ya joto na homa ya malaria

Kamati nyingi zitatuuliza: je, basi mtoto asipimwe malaria? Apimwe. Asiyetoka jasho naye huumwa na mbu kama wengine, na akipata malaria homa yake hupanda haraka kuliko ya wenzake kwa kuwa hana njia ya kuishusha. Tunachokikataa ni kutibu bila kupima, na kumwacha anaungua kwenye foleni akisubiri kipimo.

Kuna tofauti ambayo ni vizuri kila mzazi aijue. Katika malaria na magonjwa mengine, ubongo wenyewe umeamua kupandisha joto, na paracetamol huurudisha ubongo kwenye uamuzi wa kawaida. Katika joto la jua au mazoezi ubongo haujaamua kitu, umezidiwa. Hapo paracetamol haisaidii hata ukirudia. Kinachosaidia ni kivuli, maji juu ya ngozi na upepo. Mara nyingi mtoto akiloweshwa na kupepewa kwa nusu saa hupoa, anaamka na kuomba chakula. Hata hivyo apelekwe akapimwe.

Akiwa amechanganyikiwa au amezimia, ni hatari ya kifo. Mpozeni kwanza pale pale kwa maji mengi na kupepea, na muendelee kumpoza njiani. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu. Wasomaji wa Biblia watakumbuka yule mtoto wa mwanamke Mshunami katika kitabu cha pili cha Wafalme sura ya 4, aliyemfuata baba yake shambani kwa wavunaji, akalalamika kichwa, akabebwa hadi kwa mama yake, na kufikia adhuhuri akafa magotini pake. Wapo wanaokiona kisa hicho kuwa ni cha mtoto aliyepigwa na jua la mavuno. Elisha alimfufua. Sisi tunaomba ndoo ya maji iwe karibu.

Nyumba tuliyokwenda kuikagua

Sasa turudi kwenye ile nyumba. Ilikuwa katika taarifa yetu kwa wafadhili kama moja ya mafanikio ya mradi: paa la makuti liliondolewa, likawekwa bati. Picha mbili zilipelekwa, ya kabla na ya baada. Usharika rafiki ulichanga kwa upendo mkubwa, na hatusemi haya kuwalaumu. Waliotoa walifuata ushauri wetu.

Bibi alitueleza, kwa upole na baada ya kuulizwa mara ya pili, kwamba tangu bati liwekwe mtoto halali mchana ndani isipokuwa sakafuni. Wakati wa makuti alikuwa analala kitandani. Bati lisilo na dari hupokea jua lote na kulishusha juu ya vichwa. Saa saba ile, chini ya mti wa nje kulikuwa na nafuu kuliko ndani ya nyumba tuliyoijenga kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu. Hakuna fomu yetu hata moja yenye mahali pa kuandika jambo kama hilo. Bati halivuji na haliliwi na mchwa, na familia haitaki kurudi kwenye makuti, wala hatutawashauri hivyo. Tumeweka dari ya mikeka iliyofumwa kijijini, tumeongeza matundu juu ya ukuta pande mbili ili upepo upite, na mwarobaini umepandwa upande wa magharibi. Mwarobaini utachukua miaka. Dari imeleta nafuu wiki ile ile.

Kwa mtoto mwenyewe tulinunua madumu mawili, chupa ya kunyunyizia maji ya aina wanayotumia saluni, na fulana tatu za pamba za kulowesha na kuvaa mbichi. Robo lita ya maji ikikaukia kwenye fulana ya mtoto wa kilo 20 inaweza kumwondolea nyuzi kadhaa za joto. Ni jasho la kuazima. Vyote kwa pamoja viligharimu pungufu ya nauli ya safari mbili za yeye na mama yake kwenda hospitali ya wilaya. Mwalimu mkuu, ambaye tunamshukuru sana, alikubali akae kwenye dawati la dirishani, alowe anapotaka, na wakati wa mchakamchaka ashike filimbi. Tunasikia kuwa anaipuliza kwa ukali kuliko viranja.

Jambo moja bado hatujalimaliza. Mtoto ana dada wa miaka kumi na saba, naye ana jino moja lililochongoka. Bibi ametuuliza kama aambiwe sasa au baada ya kuolewa. Tumejibu kwamba aambiwe yeye mwenyewe, faraghani, na mtu anayefahamu, na kwamba uamuzi wa kumwambia mchumba ni wake. Kwa ajili hiyo tunaonya kamati zote: majina ya familia hizi yasisomwe kwenye matangazo ya ibada wala kwenye mikutano ya mtaa, hata kwa nia ya kuwaombea.

Kwa sharika, tunaomba wazee wa kanisa katika ziara za majumbani waongeze swali moja kwa kila mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, kila mgonjwa wa akili na kila anayekaa kitini: “Ukifanya kazi au ukikaa juani, nguo yako inalowa?” Majibu ya hapana yaletwe kwa mkono, katika bahasha, ofisi ya Diakonia kabla ya kiangazi. Wenye dalili za ngozi tutawaunganisha na kliniki, pamoja na kile Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda kilichoko KCMC Moshi, ambacho kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu mwaka 1992.

Kwa wafadhili, ombi letu ni kuhusu fungu la bajeti. Fedha za ujenzi tulizo nazo zinaruhusu bati, saruji na milango. Haziruhusu dari, madumu wala miche ya miti, na tunapoomba kuhamisha hata kiasi kidogo jibu huchukua miezi. Tumeandika barua ya kuomba dari ihesabiwe kuwa sehemu ya paa. Nyumba saba zilizobaki katika awamu hii hazijaezekwa, na mafundi wanasubiri.